Kabla ya Kung'oa Gego: Mwongozo wa Kiungo cha Taya kwa Msomaji wa Masasi na Newala

Weka ncha za vidole vya shahada mbele ya matundu ya masikio yako, kulia na kushoto, kisha fungua kinywa polepole hadi mwisho. Utahisi vichwa viwili vya mfupa vikizunguka kwanza palepale, halafu vikiondoka na kuteleza kwenda mbele. Hicho ndicho kiungo cha taya. Mtu anaweza kuzeeka nacho bila kujua kipo, kwa sababu hata kikiuma yeye hulalamikia kitu kingine: sikio, gego, au kichwa upande mmoja.

Ndiyo maana mgonjwa wa Kitangari au Chiungutwa huzunguka sana. Anaanzia duka la dawa muhimu, anapewa matone ya sikio. Hayasaidii, anaongezewa vidonge vya antibiotiki. Mwisho anaketi kwenye kiti cha kung'olea meno, anaonyesha gego analolishuku, gego zima lisilo na tundu, nalo linang'olewa. Maumivu yanabaki palepale. Neva inayohudumia kiungo hiki hupita kando ya sikio na kulihudumia pia, na misuli ya taya ikichoka hupeleka maumivu kwenye magego ya juu na ya chini. Kwa hiyo jino lisilotoboka, lisilolegea, lisilouma likigongwa, na lisilo na uvimbe kwenye ufizi, lisitoke kinywani mwako mpaka kiungo kiwe kimeangaliwa. Tiba zinazoweza kurudishwa nyuma zitangulie. Jino likishatoka halirudi.

Kiungo kilivyoundwa

Taya la chini ni mfupa mmoja uliopinda, wenye vichwa viwili nyuma. Kila kichwa kimekaa katika kishimo cha mfupa wa panja, mbele kidogo ya tundu la sikio. Kwa kuwa mfupa ni mmoja, upande wa kulia hauwezi kwenda peke yake. Ukitafunia upande mmoja kwa miezi kwa sababu ya gego bovu, viungo vyote viwili vinabeba mzigo usio sawa, na mara nyingine kinachoanza kulalamika ni kile cha upande usioutumia.

Kati ya kichwa na kishimo kuna kisahani cha gegedu, chembamba katikati na kinene kandokando, kilichokaa juu ya kichwa cha mfupa kama kofia. Juu ya kisahani kuna nafasi yenye ute, chini yake kuna nyingine. Unapoanza kufungua kinywa, kichwa huzunguka katika nafasi ya chini. Hiyo inatosha kwa mazungumzo na tonge dogo. Ukizidi kufungua, kichwa na kofia yake huteleza pamoja kwenda mbele na kushuka kwenye kinundu cha mfupa kilicho mbele ya kishimo. Hapo ndipo unapopiga mwayo au kuuma embe. Mbele ya kinundu hakuna ukuta wa mfupa, kuna kano na misuli tu. Likumbuke hilo tutakapofika kwenye taya linaloteguka.

Misuli ya kutafunia unaweza kuikuta mwenyewe. Bana meno: ule unaotuna shavuni, juu ya pembe ya taya, ndio wenye nguvu zaidi, ule unaocheza panjani ni wa pili. Wa tatu umejificha upande wa ndani wa pembe ya taya. Wa nne ni mdogo, uko ndani kabisa, na ndio unaovuta kichwa cha mfupa kwenda mbele. Maumivu mengi yanayoitwa ya kiungo yanatoka kwenye misuli hii, na kiungo chenyewe hakina kasoro. Ni habari njema, maana msuli uliochoka hupona ukipumzishwa.

Jipime kwa vidole vyako

Chukua vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vipange wima, uvipitishe kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima hufungua takriban milimita 35 hadi 55, na kwa wengi vidole vitatu vyao wenyewe vinapita. Vikipita viwili tu, kuna kinachozuia. Kikipita kimoja, usikae nyumbani.

Kisha simama mbele ya kioo, fungua polepole, uangalie njia ya kidevu. Kikishuka wima, vizuri. Kikipinda kisha kikarudi katikati, mara nyingi kisahani kimehama na kurejea. Kikipinda na kubaki kimepinda, kiungo cha upande kinakoelekea ndicho kilichokwama. Andika ulichokiona pamoja na tarehe. Tabibu atakayekupokea atafaidika zaidi na mistari hiyo miwili kuliko na maneno «linauma sana».

Halafu kuna mlio. Watu huogopa mlio kuliko maumivu, ilhali ndio ulipaswa kuwatia hofu kidogo kuliko vyote. Kofia ikiteleza mbele ya kichwa cha mfupa, kila unapofungua kinywa kichwa huirukia tena, na hapo ndipo unaposikia «tk». Kama hakuna maumivu na kinywa kinafunguka hadi mwisho, usitibu mlio. Watu wengi wenye afya wanao, na wengi wao hawapati tatizo lolote zaidi. Tofauti ni mlio uliokuwepo miaka kisha siku moja ukanyamaza, na kuanzia hapo kinywa hakifunguki zaidi ya vidole viwili: kofia imekwama mbele na kichwa hakiwezi kuipanda tena. Hilo linahitaji daktari wa kinywa na meno ndani ya siku chache, maana likiwahiwa hulegezwa kwa mazoezi na kwa mikono. Mlio wa kukwaruza, kama wa mchanga, kwa mtu mwenye umri mkubwa au mwenye baridi yabisi, ni dalili kwamba gegedu imechakaa.

Kupumzisha taya katika nchi ya mihogo

Vitabu vya tiba husema mgonjwa ale vyakula laini. Kwetu ushauri huo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, kwani ugali tayari ni laini. Tatizo liko pembeni ya ugali: muhogo mbichi unaotafunwa njiani, muwa, mahindi ya kuchoma, njugu mawe zisizoiva vizuri, nyama ya mbuzi mzee. Viache vyote kwa wiki mbili hadi sita. Mbaazi zilizochemshwa mpaka zikapondeka, kisamvu kilichotwangwa vizuri, samaki, uji, papai na embe lililokatwa vipande havina madhara. Kata chakula kidogo kidogo, tafunia pande zote mbili ukiweza. Usiume embe zima.

Na korosho, tafadhali. Korosho iliyokaangwa na kubanguliwa ni laini vya kutosha ikitafunwa taratibu. Lakini kuna watoto, na hata watu wazima, wanaobangua kwa meno korosho ghafi au iliyochomwa nusu. Mafuta ya ganda lake huunguza midomo na ulimi, na nguvu ya kulivunja ganda inakwenda moja kwa moja kwenye kiungo. Msimu unapoanza Oktoba, wakataze watoto mapema.

Kuna jambo dogo ambalo kwa uzoefu wa wataalamu linasaidia kuliko vidonge: meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa unapotafuna na unapomeza. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi utulie juu, nyuma ya meno ya mbele. Jikague ukiwa umejitwika ndoo kutoka kisimani, ukiwa unapalilia, ukiwa mnadani unasubiri bei ya korosho itangazwe. Ukikuta umebana meno, achia. Wale wanaosaga meno usingizini hawawezi kujizuia, lakini kupunguza kubana mchana hupunguza mzigo wa siku nzima. Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku. Hakikisha kinafunika meno yote ya taya moja, kwa kuwa kinachofunika machache huweza kuyahamisha yale mengine.

Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa shavuni dakika 15 hadi 20 mara tatu kwa siku, hulegeza misuli. Kama umegongwa au umeanguka, siku mbili za kwanza tumia kitu cha baridi badala ya moto. Kwa dawa, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache, hufanya kazi vizuri zaidi kwa kiungo kilichovimba, lakini isitumiwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye ugonjwa wa figo. Antibiotiki haina kazi hapa kama hakuna usaha.

Zoezi ni moja. Bandika ncha ya ulimi kwenye kaakaa, fungua kinywa bila ulimi kuachia, funga. Mara sita, kisha pumzika. Rudia mara kadhaa kwa siku. Ulimi ukiwa pale juu kichwa cha mfupa huzunguka bila kuteleza, na kofia haisumbuliwi.

Neno kuhusu daktari kukusaga meno ili «kusawazisha mng'ato», yaani namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na maumivu ya sikio, mvumo na kizunguzungu, akayahusisha na kiungo cha taya na magego yaliyopotea. Alikuwa sahihi kuelekeza macho kwenye kiungo. Maelezo yake kuhusu magego hayakusimama, lakini yalizaa miaka mingi ya kusaga na kuinua meno ya watu waliohitaji kupumzika tu. Mtu akikupendekezea hilo kama tiba ya kwanza, jiulize kwanza umeshajaribu nini.

Taya lililoteguka

Mtu anapiga mwayo mrefu, anacheka, anatapika, au anakaa kinywa wazi muda mrefu wakati gego linang'olewa, kisha kinywa hakifungi. Kidevu kimetokeza mbele, udenda unatiririka, maneno hayaeleweki, na mbele ya sikio palipokuwa na uvimbe wa mfupa pana kishimo. Vichwa vimevuka kinundu na misuli imevibana huko mbele. Kama ni upande mmoja tu, kidevu huelekea upande ulio mzima. Ndugu wakiona hali hii huweza kudhani amepooza au amerogwa. Ametegukwa na taya tu.

Fanyeni haya. Msimpige kibao kidevuni, msilazimishe kinywa kufunga. Mketisheni, mpeni kitambaa cha udenda, mfungeni kitambaa kingine chepesi kutoka chini ya kidevu hadi utosini ili kulishikilia taya, kisha mwondoke kwenda kituo cha afya au hospitali. Asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya kumlaza. Kawia saa nyingi na misuli inazidi kukaza. Linalorudi kwa dakika moja asubuhi linahitaji usingizi wa dawa jioni.

Namna ya kulirudisha ni ya kale mno. Hati ya tiba ya Misri ya kale, ambayo nakala yake ni ya karibu mwaka 1600 kabla ya Kristo, inaielezea, na Wayunani wa wakati wa Hippocrates waliifuata: mgonjwa huketi chini, tabibu husimama mbele yake, vidole gumba viwili vilivyofungwa kitambaa hukaa kwenye magego ya chini, vidole vingine hushika chini ya kidevu. Husukuma chini kwanza, kisha nyuma. Taya hurudi kwa ghafla na meno hubana, ndiyo sababu ya kitambaa. Ninaieleza ili ujue anachofanya na usimsukume mkono. Sikushauri uifanye mwenyewe kijijini, kwa sababu moja kubwa: kama mtu ameanguka au amepigwa, huenda taya limevunjika, na kusukuma mfupa uliovunjika ni kuuvunja zaidi. Dalili za kuvunjika ni damu kinywani, meno yasiyokutana kama zamani, ganzi ya mdomo wa chini, au ngazi unayoihisi ukipitisha kidole kwenye ukingo wa taya.

Likisharudi, kwa wiki mbili hadi tatu usifungue zaidi ya vidole viwili, na mwayo ukija weka ngumi chini ya kidevu. Likitoka tena na tena, hospitali kubwa zina njia, kuanzia kudunga damu yako mwenyewe ndani ya kiungo ili ishikamane na kukaza, hadi upasuaji wa kinundu. Waambie pia dawa unazotumia. Dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, huweza kukaza misuli ya uso na hata kulitegua taya. Dawa ya kuiondoa hali hiyo ipo na hufanya kazi haraka.

Taya lisilofunguka

Hapa naomba uwe na woga. Mkulima amejikata kwa jembe au panga, au amechomwa na mti wakati wa kusafisha mikorosho. Siku chache baadaye, mara nyingi kati ya siku 3 na 21, kidonda chenyewe labda kimekwishakauka, anaamka taya limekaza na shingo imekakamaa. Huo ni ugonjwa wa pepopunda mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haungoji vidole vitatu wala kitambaa cha moto. Kelele na mwanga huongeza mikazo, basi apelekwe kimya kimya, lakini saa hiyohiyo. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akashindwa kufungua kinywa kunyonya yuko katika hatari hiyohiyo, hasa kama kitovu kilikatwa au kupakwa kitu kichafu. Si degedege la kupelekwa kwa mganga. Kinga yake inatolewa bure: chanjo ya mtoto katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo ya mama mjamzito kliniki.

Gego la mwisho linaloota kwa tabu nalo hukaza taya. Hilo huja na ufizi uliovimba nyuma, harufu, na maumivu ya kumeza. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ulimi ukainuka, na mgonjwa akashindwa kumeza mate yake, njia ya hewa iko hatarini. Usilale nao usiku mmoja. Kwa mtumiaji wa ugoro au sigara, taya linalokaza polepole kwa wiki pamoja na kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili linahitaji kipimo cha nyama. Na maumivu ya taya yanayokuja unapopanda mlima au kubeba mzigo na kuondoka ukipumzika yanaweza kuwa ya moyo. Taya linasingiziwa tu.

Mtoto aliyeanguka mwembeni

Novemba na Desemba maembe yanaiva na watoto wako juu ya miti. Mtoto akianguka na kutua kwa kidevu, kila mtu huangalia mchaniko wa kidevu, unashonwa, anarudi nyumbani. Nguvu ya pigo lile haikuishia kidevuni. Ilipanda kwenye vichwa vya taya na huenda ikavivunja, na kwa mtoto hapo ndipo penye sehemu inayosaidia taya kukua. Damu ikikaa ndani ya kiungo kisichosogea, mfupa unaweza kuungana na mfupa. Baada ya miaka mtoto huyo hafungui kinywa, kidevu chake kimebaki kidogo, anakoroma usiku, na meno hayawezi kusafishwa. Kwa maoni yangu haya ndiyo madhara mabaya kuliko yote katika mwongozo huu, na ndiyo yanayozuilika kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo kila kidevu cha mtoto kilichochanika kiambatane na swali: je, mbele ya masikio panauma? Daktari akithibitisha kichwa kimevunjika, kwa mtoto mara nyingi atapendelea chakula laini na kulisogeza taya mapema kuliko kulifunga kwa waya muda mrefu. Mpime mtoto kwa vidole vyake mwenyewe, si vyako, kila wiki kwa miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi mwaka utimie. Ufunguzi ukipungua, rudi. Usaha wa sikio uliodumu nao huweza kuingia kwenye kiungo na kuleta matokeo yaleyale, kwa hiyo sikio linalotoa usaha litibiwe mpaka likauke. Kwa watu wazima, inayochukua nafasi ya mwembe ni bodaboda: kofia ngumu yenye kinga ya kidevu hulinda taya, ile inayoishia masikioni hailindi.

Uende wapi

Zahanati itakupima na kukupa rufaa. Kwa wilaya hizi kuna Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, Hospitali ya Wilaya ya Newala, na Hospitali ya Ndanda, iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini, kwenye barabara ya Mtwara. Piga simu kwanza uulize kama tabibu wa kinywa na meno yupo siku hiyo na kama eksirei inafanya kazi. Taya lililovunjika na viungo vilivyogandamana hupelekwa Hospitali ya Ligula mjini Mtwara au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na kesi ngumu huishia kwa mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso wa Hospitali ya Muhimbili. Ukipewa rufaa, omba picha ya eksirei uondoke nayo, pamoja na karatasi yenye tarehe ya kuanza, upande unaouma, idadi ya vidole vilivyopita kila wiki, na majina ya dawa zote ulizokwisha kumeza, zikiwemo zile za duka la dawa muhimu na zile za mitishamba.